Hodi Kutoka Kiti cha Nyuma

Gari likitoka kwenye majaribio hurudi jepesi, maana limeshakunywa petroli yake. Lile la kifahari, la enzi za babu zetu, lilirudi likiwa limeongezeka kilo sitini na mbili.

"Mizani imelewa," alisema Kobe, dereva wa majaribio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumharakisha.

Fundi mkuu hakucheka. Mama huyo alishusha viroba vya mchanga vilivyofungwa kiti cha nyuma badala ya abiria, akapima upya. Kilo zile hazikuondoka, na gari lilikuwa limebonyea nyuma kushoto.

"Leo umeona nini huko?"

Kobe alikumbuka, akamsimulia. Mzunguko wa arobaini, kitu kiligonga nyuma yake. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Injini ikigonga haipumziki. Mtu ndiye hugonga akasubiri. Lakini siku ya nne peke yako na viroba, mdomo hukosa adabu. Akatania: "Karibu!" Mlio ukakoma. Kwenye fomu akaandika: umeisha wenyewe.

"Umeitikia hodi ya gari?" fundi alinong'ona. "Una akili timamu wewe?"

"Nilikuwa natania tu, dada."

Asubuhi iliyofuata ilibaki mizunguko kumi, na mwoga hapewi gari la namna ile mara ya pili, kwa hiyo Kobe akapanda. Mzunguko wa tatu ilianza harufu ya udongo mbichi. Wa tano ngozi ya kiti cha nyuma ililia, kama mtu anapojisogeza akae vizuri, naye akaogopa kutazama kioo, akakaza macho barabarani huku pumzi baridi ikimgusa kisogo, ikipanda na kushuka sawasawa na pumzi yake, na alipoizuia ya kwake ile nyingine ikaendelea, mpaka sauti ndogo ikamuuliza sikioni, taratibu, kwa heshima zote: "Nyumbani kwako ni mbali?"

Alisimamisha gari katikati ya njia, akashuka mbio. Kobe, mbio!

Mganga aliyeletwa na fundi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba. Alizunguka gari mara saba akisoma, akafungua mlango wa nyuma kushoto, akamwamuru aliyemo atoke. Springi zikalia, gari likanyanyuka. Walipolipima tena, mizani ikasoma sawa. Fundi akashukuru kwa sauti, lakini mganga alikuwa akimtazama Kobe.

"Garini ametoka. Ila gari lilikuwa njia tu, anachotaka ni nyumba yenye watu. Atakufuata. Leo usipige hodi kwako, na mtu asitamke karibu mpaka jua lizame. Asipokaribishwa, atapotea."

Kobe alimwaza binti yake wa miaka mitano. Kila siku mtoto humkaribisha mlangoni na kumuuliza, "Umekuja na nani?" naye hujibu, "Na njaa yangu." Akampigia mkewe simu, akamsihi. Mke alicheka, kisha akaisikia sauti ya mumewe ikitetemeka, akaacha.

"Nimekuelewa, baba nanii. Na mtoto nitamkataza."

Alifika jua lingali juu. Hakupiga hodi. Alifungua kwa ufunguo wake, kimya, kisogo kikiwa baridi. Mkewe alisimama sebuleni amekumbatia mikono. Binti alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili, macho yakimcheka. Kobe alishusha pumzi. Alitamani kulia kwa furaha.

Kisha mtoto akachungulia nyuma ya baba yake, akainua uso juu, juu zaidi, akaondoa viganja.

"Karibu," alisema.

"Mwanangu!" mama alipiga kelele. "Si nilikukataza?"

"Ulinikataza kumwambia baba," mtoto alijitetea, midomo ikianza kutetemeka. "Mgeni wake hukumtaja."

Mlango ukajifunga taratibu. Harufu ya udongo mbichi ikajaa sebuleni, na kochi likabonyea upande wa kushoto.