Sijaona Kaitika Abee

Kilichoanza kuharibika siku ile ni adabu ya Sijaona, maana iliongezeka.

Mke huyu wa Abdillahi, mzaliwa wa Ihanja, hakuwa mtu wa kuitika "abee" kama wanawake wengine. Ukimwita anakujibu, "Nini tena?" Miaka sita ya ndoa Abdillahi, muuza vitambaa wa Singida mjini, alilalamika mpaka akachoka. Lakini alimpenda, tusimsingizie. Siku hiyo alifunga duka lake ili ampeleke kutembea kwenye hoteli mpya ya kando ya ziwa. Zilikuwa enzi za ruksa, na ndani ya hoteli palikuwa na duka la vitu vya Dubai ambavyo zamani mtu angevisikia tu kwa wasafiri.

Walizunguka asubuhi nzima, wakachagua kanga, wakanusa manukato, wakachekana. Kisha Sijaona akachukua gauni la kijani, akaingia nyuma ya pazia, kwenye kijichumba cha kujaribia nguo. Akakawia.

"Sijaona! Umekwama?"

"Abee, mume wangu. Natoka."

Abdillahi alifurahi jamani! Akasema kwa sauti, duka zima lisikie, "Leo ndiyo nimeoa!"

Mezani waliletewa kuku wa kienyeji, kanona hasa. Sijaona, ambaye kwa kuku humwambii kitu, hakumgusa. "Ana chumvi," alisema. Alinuka tope la ziwani, ingawa alikuwa kajipaka manukato na hajakanyaga maji. Walipotoka jioni kupunga upepo, heroe, wale ndege wa miguu mirefu, wote waliokuwa ufukweni waliruka kwa pamoja, na hawakutua tena upande ule. Abdillahi akajisemea kwamba wameogopa gauni jipya. Wanaume nao! Wakiitikiwa abee, hata pua inaziba.

"Sijaona," akamwita kwa mahaba, ili tu aisikie tena.

"Abee, mume wangu," akajibu aliyekuwa pembeni yake.

Na kutoka kule dukani, kwa sauti ya mtu aliyefungiwa, akasikia: "Nini tena? Nitoe huku, kuna giza!"

"Umesikia?" akanong'ona.

"Hakuna mtu, mume wangu." Alitabasamu, wala hakupepesa macho.

Abdillahi akasingizia kasahau kofia, akarudi dukani mbio. Mama Editha, muuzaji, alikuwa kajikunyata nyuma ya kaunta.

"Na mimi namsikia," alinong'ona. "Kijichumba kile kimejengwa juu ya jiwe la mizimu ya ziwa. Tajiri mwenye hoteli alikatazwa, hakusikia. Shehe aliyeletwa hapa alisema hivi: yule uliyetoka naye umrudishe nyuma ya pazia kabla ya magharibi, kisha umwite mkeo. Wataitika wote wawili, watanyoosha mikono. Mshike wa kwako umtoe. Ni mara moja tu, baba. Ukikosea, humpati tena. Utamjua?"

"Mke wangu? Nitaachaje kumjua!"

Akamfuata yule ufukweni, akamwambia akajaribu gauni jingine. Akakubali upesi mno, akaingia, pazia likatulia. Abdillahi akasimama mbele yake, harufu ya tope ikimjaa kooni, midomo ikiisoma Ayatul Kursi na kuipoteza katikati, na nyuma ya kitambaa kile chembamba akiwasikia watu wawili wakivuta pumzi pamoja, wakiishusha pamoja, wakianza tena pamoja, mpaka akashindwa kuvumilia akaita.

"Sijaona!"

Mikono miwili ikatoka, hina ileile, pete ileile.

"Nini tena?" ikasema sauti ya kushoto, kwa ukali.

"Abee," ikasema ya kulia, huku inalia. "Abee, mume wangu."

Hakusita. Akaukamata ule mkono wa upande wa kushoto, akauvuta kwa nguvu zake zote, na mke akatoka, kakunja uso, analalamika kwamba ameumizwa. Abdillahi akamkumbatia huku machozi yanamtoka. Alhamdulillahi, alhamdulillahi! Adhana ya magharibi ikasikika kutoka mjini. Lakini nyuma ya pazia mtu alikuwa bado anaongea, kwa unyonge, kama anayeulizia kosa lake.

"Abdillahi, si nilikusikia kutoka huku gizani unavyoipenda abee? Nimeitika vizuri, nimeitika abee. Mbona umemshika huyo?"

Akalirukia pazia, akalichana. Palikuwa na ukuta na kioo tu. Sauti ikaendelea kuitika, abee, abee, ikididimia chini ya sakafu, na Mama Editha akaziba masikio. Abdillahi alipiga saruji kwa ngumi mpaka damu ikamtoka, akiliita jina la mkewe, hadi hapakuwa na wa kuitika. Ndipo yule mwenye gauni la kijani akamshika mkono, akamwambia waende nyumbani, giza linaingia. Naye akaenda, maana hakuwa na mwingine wa kwenda naye.