Mgeni Kwenye Maungio

Mafundi wa video wamejaa kama utitiri, lakini Sindano alikuwa mmoja tu. Jina hilo alipewa kwa sababu alishona vipande vya picha usiuone uzi: bibi harusi anatoka mlango wa nyumbani, picha inayeyuka polepole, na kabla hujapepesa jicho yumo ukumbini, mguu uleule bado uko hewani. Wenzake walikata, yeye aliyeyusha. Anayebisha na abishe.

Safari hii bibi harusi alikuwa mdogo wake wa mwisho, basi akashona kwa mapenzi. Ndipo, mchana kweupe, pale mlango ulipoyeyukia ukumbi, akaona mwanamke mrefu mwenye nguo nyeusi nyuma ya bibi harusi. Akarudisha. Kipande cha kwanza, hayupo. Cha pili, hayupo. Alikuwepo pale tu kwenye ungio, picha mbili zilipolaliana.

“Kaka, bado tu?” Mdogo wake aliingia na chai. “Shemeji yako anasema video itatoka tukiwa na wajukuu.”

“Mwambie asiye na subira angeoa picha.”

Akacheka, kisha akajisugua bega. “Hili bega tangu juzi zito, kama kuna mtu kaniegemea.”

Alipotoka, Sindano akaenda kwenye ungio lililofuata. Mkono mrefu ulikuwa juu ya bega lile.

Akasonga mbele, na katika kila ungio mwanamke yule alikuwa karibu zaidi, kutoka begani hadi shingoni, kutoka shingoni hadi shavuni, huku chumba kikijaa harufu ya udongo uliolowa, na nje jua linawaka hata mbwa wametafuta kivuli, na kwenye spika, chini kabisa ya muziki, kuna mtu anapumua.

Akamwita shangazi yao, aliyejua kusema na viumbe wa namna hiyo. Mama yule alitazama kwa jicho moja tu.

“Nani kakufundisha kushona hivi?” alinong'ona.

“Nimejifundisha mwenyewe, shangazi.”

“Inaonekana. Jini huzuiwa na kizingiti, baba. Wewe umeving'oa vyote, na msasa ukapiga. Anateleza tu mpaka kwa mtoto. Kata!”

“Nikate kavukavu? Watu watanicheka!”

“Wacha wacheke. Umemwona mdogo wako?”

Alikuwa sebuleni, shingo imepinda, hawezi kuinua kichwa.

Sindano akakata. Kila alipofuta ungio, spika ililia ko!, kama paji la uso limegonga mlango uliofungwa, na kule sebuleni shingo ikanyooka kidogo. Likabaki la mwisho: uso wa marehemu mama yao, kutoka video ya zamani, ukiyeyukia uso wa bibi harusi, jicho juu ya jicho. Kwa kazi hiyo hata yeye maneno yalimwishia, na kumwishia Sindano maneno si jambo dogo.

“Umemaliza?” shangazi aliuliza kutoka sebuleni.

Akatazama tena. Mwanamke hayupo. Kuna mama tu. Na jini gani angethubutu kupita kwa mama?

“Nimemaliza.”

Jumapili ukoo ukajaa sebuleni. Video ikarukaruka kama kiroboto, watu wakaguna. Ukaja uso wa mama. Ukayeyuka taratibu, ukawa uso wa bintiye, na shemeji mtu akafuta machozi. Makofi! Sindano akavimba kichwa. Shangazi hakupiga makofi. Alikuwa ananusa.

Wakazima televisheni. Bibi harusi akainuka awaletee wageni maji. Alipofika katikati ya chumba akawa mwepesi kama moshi, ukuta ukaonekana nyuma yake, na kabla hajafifia kabisa, alikuwa tayari amekolea mlangoni pa jikoni, mguu uleule bado uko hewani.

“Hapo umeua, Sindano!” akashangilia mjomba, mzee wa macho mabovu. “Nimeutafuta mshono, sijauona!”

Akapiga makofi peke yake, kwa muda mrefu, mpaka harufu ya udongo uliolowa ikatoka jikoni, ikitangulia maji.