Maboksi ya Darini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sinchana alifagia mbele ya mlango, akanyunyiza maji, kisha akachuchumaa na kuchora maua ardhini kwa unga mweupe, kama walivyofanya wanawake wa nyumba zote za mtaa ule wa Davanagere, mji wa kusini mwa India. Ndani, bibi yake, ambaye alimwita Ajji, alikuwa akitandaza chapati za mtama kwa viganja, pa-pa-pa. Baba yake, Halesh, alikuwa ameshaondoka zamani kwenda kwenye tanuri la kukaangia bisi za mchele. Mama yake, Nagaveni, alikuwa akinywa kahawa. Mkono mmoja ulishika kikombe, na kidole gumba cha mkono wa pili kiliteleza juu ya kioo cha simu, juu, chini, juu tena.

"Amma, utachelewa," Sinchana alimwambia.

"Dakika moja tu, mwanangu. Punguzo hili linaisha saa tatu."

Nagaveni alikuwa mwalimu wa chekechea ya mtaa. Kila siku aliwapokea watoto thelathini wa miaka mitatu na minne, akawaimbia, akawafuta makamasi, akawafundisha kungoja zamu ya kubembea bila kusukumana. Watu walisema hakuna mwalimu mwenye subira kama yeye, na Sinchana, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliyasikia maneno hayo kwa fahari.

Lakini Sinchana alijua jambo ambalo mtaa haukulijua. Alasiri, akitoka shule, alikuwa na kazi ya pili. Ningappa, mleta vifurushi, mtu mzima mwenye mvi kwenye masharubu, alisimamisha pikipiki yake nyuma ya nyumba badala ya mbele, kwa sababu Nagaveni alimwomba hivyo. Sinchana alipokea kifurushi, akapanda kwenye stuli, akakisukuma ndani kabisa ya dari ndogo iliyokuwa juu ya jiko. Siku nyingine kilikuja kimoja, siku nyingine vitatu.

Ajji hakusikia pikipiki. Masikio yake yalikuwa yamefifia mwaka hadi mwaka, na sasa ulilazimika kumsogelea na kupaza sauti. Sufuria ya mvuke ilipiga filimbi mbele yake hadi dengu zikaungua, naye akabaki akichambua mchele kwa utulivu. Nagaveni alikuwa akiweka akiba benki kila mwezi ili anunuliwe kifaa cha kusikia. Ndivyo nyumba nzima ilivyoamini.

Jioni moja Halesh alirudi mapema, nguo zake zikinuka moshi wa tanuri, akakuta boksi mezani.

"Hili ni la nini?" aliuliza.

Nagaveni alikuwa bafuni. Sinchana alijibu bila kufikiri, "Vitabu vya shule, Appa."

"Haya, soma kwa bidii, mama," Halesh alisema, akampapasa kichwa. Mkono ule ulimchoma Sinchana kuliko kofi. Nagaveni aliposimuliwa, hakumgombeza. Siku iliyofuata alimpa Sinchana vibanio vya nywele vyenye vipepeo, na Sinchana akaelewa kwamba amelipwa.

Baada ya hapo uongo ulikuwa mwepesi. Na kila Sinchana alipoitazama simu ya mama yake, aliona jinsi ambavyo vitu vilipatikana kirahisi. Shuleni, wasichana wawili walikuwa na viatu vya magurudumu. Siku moja Nagaveni alipokuwa akianika nguo, Sinchana aliichukua simu, akavitafuta viatu vile, akabofya mara moja. Kadi ya benki ilikuwa tayari imehifadhiwa humo. Hakuna aliyemwuliza kitu. Hakuona hata noti moja ikitoka mahali popote. Moyo ulimdunda kwa furaha, kisha, kabla nguo hazijamalizika kuanikwa, furaha ile ikamtoka.

Kifurushi kilifika Jumamosi, Nagaveni akiwa nyumbani. Alikipasua kwa haraka yake ya siku zote, akidhani ni chake, akatoa viatu vyekundu vyenye magurudumu. Alivigeuza, akasoma namba chini ya soli, akamtazama mwanawe.

"Hivi ni vyako?"

"Ndiyo, Amma."

"Nani alikuruhusu?"

Sinchana hakukusudia kumjibu vibaya. Alisema tu lililokuwa moyoni mwake. "Nilidhani tutaviweka darini pamoja na vile vingine. Appa hawezi kujua."

Alingoja kugombezwa. Badala yake, Nagaveni alikaa chini, palepale kwenye sakafu ya jiko, viatu vikiwa mapajani. Kisha akainua macho kuelekea darini.

"Panda," alisema. "Yashushe yote."

Sinchana aliyashusha. Yalijaa jikoni, yakatokeza hadi ukumbini. Mengi hayakuwa yamefunguliwa. Ndani mlikuwa na sari nne ndani ya mifuko yake, mashine ya kukanda miguu, seti tatu za vyombo vya chakula cha mchana, taa yenye umbo la mwezi, na vyombo vya kuokea keki ilhali nyumba ile haikuwa na oveni.

"Amma, kwa nini ulivinunua kama huvitaki?"

Nagaveni alishika boksi moja, akapitisha kidole kwenye gundi yake. "Nyumbani kwetu tulikuwa wasichana wanne, na mimi wa mwisho. Gauni lilikuja kwangu likiwa limeshavaliwa na watatu. Daftari langu lilikuwa na kurasa za mbele zilizochanwa. Sikuwahi kufungua kitu ambacho hakuna aliyekifungua kabla yangu. Sasa kifurushi kikija, nikikipasua, kwa dakika ile moja nasikia raha ambayo siwezi kukueleza. Halafu inakwisha, natafuta nyingine."

Sinchana akauliza, "Na pesa ya masikio ya Ajji?"

"Haipo," Nagaveni alisema. Aliyafunika macho kwa ncha ya sari. "Haipo, mwanangu. Na wewe nimekufundisha kuficha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi."

Sinchana alikuwa na hakika kwamba watayarudisha maboksi darini kabla baba hajafika. Nagaveni hakuyagusa. Halesh aliporudi alilazimika kuyaruka ili afike mezani.

"Kuna nini hapa? Tunafungua duka?" alitania. Alipoona nyuso zao, utani ulimkauka.

Nagaveni alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Baba Sinchana, nina jambo la kusema. Mama pia asikie."

"Sema."

"Vitu hivi vyote nimevinunua mimi, kwenye simu. Nimekuwa nikivificha. Pesa ya kifaa cha Mama nimeimaliza."

Halesh aliganda na kipande cha chapati mkononi. Ajji, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza, alikunja uso na kuweka kiganja sikioni.

"Anasema nini huyu? Nani amemaliza nini?"

Halesh alisema kwa uchungu, "Mwache, utamwambia kesho."

Nagaveni alitikisa kichwa. Alimsogelea mama mkwe wake, akavuta pumzi. "Nimetumia pesa yako, Mama!"

"Sauti! Sikusikii!"

Madirisha yalikuwa wazi, maana joto lilikuwa kali, na kwa majirani redio zilikuwa zimezimwa. Sinchana alitamani ardhi ipasuke. Aliona mama yake akitazama dirisha, akaona kabisa jinsi ambavyo angeweza kukomea pale. Kisha Nagaveni akapaza sauti kwa nguvu zake zote, kama anayeita watoto kutoka uwanjani.

"Nimenunua vitu ovyo kwenye simu! Pesa ya masikio yako nimeila yote! Nimedanganya, na nimemfundisha mtoto kudanganya! Siwezi kujizuia, Mama, nisaidieni!"

Mahali fulani nje, mazungumzo ya watu yalikatika. Mbwa alibweka, akanyamaza. Nagaveni alisimama katikati ya maboksi.

Ajji alimtazama sana. Alimshika mkono, akamketisha kando yake.

"Sasa nimesikia," alisema. "Na mtaa mzima umesikia. Basi, umebakiwa na nini cha kuficha? Kula kwanza."

Halesh hakula. Alitoka, akazunguka mitaani peke yake, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Hapo Sinchana aliona zamu yake imefika. Kwa kuwa mama yake aliweza kupiga kelele mbele ya mtaa mzima, yeye angeshindwaje kunong'ona mbele ya baba?

"Appa, yale hayakuwa vitabu vya shule."

"Najua," Halesh alisema. "Nilijua siku ileile. Nilikuwa naogopa kuuliza. Hata mimi nina kosa langu." Kisha akasema, "Kesho tutarudisha kila kinachorudishika. Tukianza na viatu vyako."

Vitu vilivyorudishika vilirudishwa, na vingine waliviuza. Nagaveni aliifuta kadi ya benki kwenye simu, akayafuta maduka yote, na kwenye ukuta wa jiko akabandika karatasi. Aliyetaka kitu, awe yeye, Sinchana au Halesh, alikiandika hapo pamoja na tarehe, kisha akangoja siku kumi. Siku ya tano, vitu vingi vilikuwa vimeshakatwa kwa mstari na mwenyewe aliyeviandika.

"Kama watoto wangu wa bembea," Nagaveni alisema akicheka. "Nimewafundisha mamia kungoja zamu, nikasahau kujifundisha mimi."

Vifurushi vilivyokuwa njiani viliendelea kuja kwa wiki moja. Ningappa alisimama nyuma ya nyumba kama kawaida, lakini Nagaveni alimwita mbele.

"Kaka, hiki sikipokei. Kirudishe."

"Hata hukitazami, dada?"

"Nikikitazama nitakipenda."

Ningappa alicheka, akakirudisha kwenye mfuko wa pikipiki. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walinong'onezana na kuangua kicheko. Sinchana alikunja ngumi, ila mama yake aliwasalimu kwa majina yao, akaingia ndani. Alipofika jikoni alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili hadi vidole vikageuka vyeupe. Ndipo Sinchana alipojua kwamba kukataa kifurushi kulimchosha mama yake kama kubeba gunia.

Halikuwa jambo la siku moja. Kabla ya Deepavali, sikukuu ya taa, matangazo ya punguzo yalipojaa kila mahali, Nagaveni alilirudisha duka moja kwenye simu, akaagiza seti ya sahani zenye maua ya dhahabu. Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza. Lakini jioni ileile, Halesh alipokuwa akivua viatu, alimkabidhi simu.

"Leo nimeanguka. Nisaidie kufuta agizo."

Walilifuta pamoja, vichwa vyao vikikaribiana juu ya kioo. Halesh hakumlaumu. Sinchana aliwatazama kutoka kwenye madaftari yake. Alikuwa amemwona mama yake akisifiwa mara nyingi, lakini hakuwahi kumwona akiwa mkubwa kama alivyokuwa pale, akikiri kosa ambalo hakuna mtu aliyelijua.

Mwezi wa Januari, katika sikukuu ya mavuno, watu walipokuwa wakigawiana ufuta na sukari guru, Ajji alirudi kutoka kwa daktari akiwa na kifaa kidogo nyuma ya sikio. Sehemu kubwa ya pesa ilitokana na vitu walivyouza, na iliyobaki Nagaveni aliiweka kidogo kidogo. Siku ya kwanza Ajji alizunguka nyumba nzima akishangaa. Siku ya pili alianza kulalamika.

"Kumbe Halesh unatafuna kwa kelele hivyo? Na wewe Sinchana, unakariri hesabu au unagombana nazo? Mungu wangu, nyumba hii ina makelele!"

Wote walicheka hadi Nagaveni akatokwa na machozi.

Wiki chache baadaye, Kotramma, jirani wa nyumba ya tatu, alibisha hodi. Alikuwa mmoja wa wale wanawake wawili waliocheka. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akasokota ncha ya sari yake.

"Mwalimu, usinicheke," alisema. "Nyumbani kwa dada yangu nimeficha maboksi kumi na moja. Mume wangu hajui. Nilikusikia siku ile ulipopiga kelele. Nilikucheka kwa sababu niliona ni mimi mwenyewe. Niambie, ulifanyaje? Ulimeza dawa gani?"

Sinchana alikuwa mlangoni na trei ya kahawa. Mama yake alimwita aingie, akamketisha.

"Sina dawa, Kotramma," Nagaveni alisema. "Nilipokuwa naficha, nilikuwa peke yangu na simu, na simu ilinishinda kila siku. Nilipowaambia watu wangu, hapo ndipo nikapata nguvu ya kukataa. Kutamani kitu si kosa. Sinchana, na wewe sikia, ujue maisha yako yote: ukiona umeanza kuwaficha watu wa nyumbani kwako kitu ulichonunua, simama hapo hapo, uwaambie. Aibu yake ni ya siku moja. Ukiendelea kuficha, utaaibika kila siku, na watoto wako watajifunza kwako."

Kotramma alifuta macho. "Mume wangu atarudi sasa hivi. Naogopa kwenda peke yangu."

Nagaveni alivaa ndala zake. "Twende. Nitasimama mlangoni mwako. Lakini kusema, utasema mwenyewe."

Sinchana aliweka trei chini, akatoka hadi barazani, akawatazama wanawake wale wawili wakitembea bega kwa bega chini ya jua la alasiri, mama yake akiwa amemshika jirani mkono, bila kumharakisha.