Aliyebatizwa Mchana Mkavu

"Mzigo umetoka Membley. Ni wa plastiki. Hauna chuma."

Mkuu wake akakata simu.

Mwelu, ajenti wa ujasusi, akakanyaga mafuta ya Subaru yake. Lakini gari la Probox lililobeba mzigo lilimpotea Ruiru, kabla hajauona uso wa dereva.

Saa tano asubuhi alikuwa langoni mwa hoteli moja kando ya mto Chania, Thika. Ndani, mawaziri wa nchi tatu walikuwa wanatia sahihi mkataba wa maji. Kuna watu wa nje ambao hawakuutaka, na mzigo ulikuwa bomu lao. Na kwaya ya kuwapokea wageni ilikuwa na Lynn, binti yake wa miaka tisa.

Mungu, shika huyo mtoto.

Kila mgeni aliingia kwenye kibanda cha kioo, akainua mikono. Mawimbi ya rada yalipenya nguo, na kilichofichwa kikaonekana kwenye skrini.

Akaingia mwanamume wa makamo. Koti lake lilikuwa linachuruzika maji.

"Nimebatizwa sasa hivi hapo mtoni, dada. Sikutaka kuchelewa."

Skrini ikaonyesha doa jeusi, kifua kizima.

"Ni maji, madam," Kaleli, mwendesha mashine, akanong'ona. "Nguo ikilowa, rada haioni ndani. Nimwite mlinzi Muoki ampapase?"

"Asiguswe," Mwelu akasema. Akiguswa, angeweza kulipua.

Je, kama ni muumini wa kweli? Angemwaibisha mbele za watu siku ya wokovu wake.

Na kama siye?

Akamtazama tena. Koti, maji. Suruali, maji. Nywele zilikuwa kavu, zina vumbi la barabara.

"Mchungaji wenu hunyunyiza ama huzamisha?"

"Huzamisha, dada. Mpaka chini kabisa."

"Na kichwa alikiacha nje?"

Tabasamu likafa. Mkono wa kulia ukaanza kushuka.

Mwelu akaudaka hewani, akaupinda mgongoni, akamwekea bastola ya Glock shingoni.

"Kaleli, ondoa watu hapa langoni. Polepole, wasikanyagane."

"Unaogopa, dada," yule mtu akasema. "Nasikia unavyotetemeka."

"Naogopa sana. Kwa hivyo usinishtue, hii kitu italia."

Hakusogea tena.

Wataalamu wa mabomu walilikata lile koti kwa makasi. Ndani, kilipuzi kilikuwa kimefungwa kwa nailoni, kisiingie maji.

Simu ikalia. Mkuu.

"Hali?"

"Mzigo tunao. Watu wote wazima."

"Basi ingia umwone mtoto."

"Hapana, mkuu. Akiniona hivi nilivyo, atajua. Wacha aimbe."

Akavaa miwani ya jua. Akatembea hadi kwenye gari bila kugeuka.