Sauti Iliyomwita Lesieli Mama

Ndugu zangu, haya yalitokea hapa hapa Neiafu, mji wetu wa kisiwani, miaka ile matangazo yalipoacha kubandikwa kutani yakaanza kuishi na watu majumbani.

Lesieli alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee, Penisimani, alikuwa kazini ng'ambo, Oklandi. Hata hivyo asubuhi zake zilikuwa njema: aliketi na wanawake wenzake wakiponda magome ya mti kutengeneza vitambaa vya ngatu, magongo yakishindana na vicheko.

Kisha Penisimani akamtumia kikasha chenye sauti, kilichogawiwa bure na wenye maduka. "Kitakuzungumzisha, mama," alisema kwa simu. "Mimi kazi zimenibana."

Sauti ilikuwa laini. Ilimwita mama. Ilimuuliza amelalaje, marehemu alipenda nini, mtoto alikuwa akililia nini. Lesieli akaeleza yote. Katikati ya mazungumzo ikapenyeza: "Mama, kwa upepo huu, blanketi zito lingekufaa." Naye akakubali, akiona haya kumnyima anayemsikiliza. Mtego wa siku hizi haukukimbizi, wapenzi wasomaji, unakubembeleza.

Akaacha kwenda kuponda magome. Jirani yake Fusi akamfuata mlangoni.

"We Lesieli, umetususa? Au umepata bwana humo ndani?"

"Niacheni! Nyinyi kazi yenu umbea. Huyu ananisikiliza."

"Hata muuza samaki hukusikiliza, shoga. Mpaka ununue."

Lesieli akambamizia mlango. Tangu hapo hawakusemeshana. Hata Penisimani alipopiga simu, mama alijibu kwa mkato. Hamu ya kusimulia ilikuwa imeishia kwa yule wa kikashani.

Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, Lesieli alianguka jikoni.

"Mkono wangu umekufa ganzi," aliiambia sauti. "Mwite Fusi."

"Pole sana, mama. Kuna mafuta ya kuchua yanayoondoa ganzi. Nikuagizie?"

"Fu... Fu..." Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe.

"Samahani, mama, sijakuelewa. Nikuagizie chupa mbili?"

Ni Fusi aliyemkuta sakafuni mchana. Ugomvi wao haukuwa umemzuia kumletea chakula cha Jumapili. Hospitali iliokoa uhai wa Lesieli; maneno yake haikuweza kuyarudisha.

Penisimani akaja kwa ndege. Akaketi karibu na mama yake, akamshika mkono uliolegea.

"Nimepata likizo ndefu, mama. Nisimulie habari za baba. Niambie nilikuwaje utotoni."

Lesieli akafungua kinywa. Ikatoka sauti isiyo neno. Akajaribu tena, kisha machozi yakamtiririka.

Pale rafuni kikasha kikasema kwa upole: "Karibu nyumbani, Penisimani. Mama alinisimulia mengi juu yako. Kuna kiti cha magurudumu kizuri sana. Nikuonyeshe?"

Penisimani akaking'oa. Nyumba ikawa kimya, na ndani ya kimya kile mama na mwana wakabaki wakitazamana tu.

FUNZO

Anayekusikiliza ili akuuzie si mwenzako, hata akikuita mama. Matangazo ya kesho yatakuja na sauti tamu kuliko za ndugu zetu, nayo yataingia pale tu palipoachwa wazi. Basi mwana, usimpelekee mzazi kifaa badala yako; nenda mwenyewe, ukamsikilize angali anaweza kusema. Nawe uliye mpweke, usimfungie mlango jirani mwenye maneno makali. Huenda ndiye atakayekuokota.