Chupa ya Uzi Mwekundu

Jumanne, tarehe 10 Machi 1998, saa kumi na mbili asubuhi, Monika alimkuta binti yake Nyanzala amekufa kitandani kwao Kawajense. Ndoo ya maji aliyokuwa akinywa tangu jana yake ilikuwa tupu. Nyanzala alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa mgonjwa wa kisukari tangu utotoni, na kila asubuhi na jioni alichomwa sindano ya insulini.

Kufikia saa sita mchana mtu wa kubebeshwa kifo hicho alikwishapatikana. Nesi Specioza, jirani aliyekuwa akimchoma sindano hizo, alikuwa mahabusu. Mtaa ulisema ameuza dawa na kumchoma mtoto maji. Mtaa haukuwa na ushahidi, lakini lini mtaa umeuhitaji? Lori la polisi lilikuwa liondoke Alhamisi alfajiri kumpeleka Sumbawanga kwa kesi ya mauaji. Sajenti Sikujua Lyamba alipewa jalada Jumanne hiyo hiyo na kuambiwa alifunge haraka.

Alianza mahabusu.

"Ulimchoma nini yule mtoto?"

"Dawa yake, afande. Chupa ileile yenye uzi mwekundu."

"Hukuona kitu?"

"Haikunuka. Insulini inanuka kama dawa ya kusafishia vidonda. Tangu Ijumaa jioni haikunuka kitu. Nikasema ni mafua yangu. Jumatatu alipozidiwa nikamwongezea, mara mbili yake. Ningenyamaza hilo, lakini nimechoka kulibeba."

Lyamba aliiomba chupa iliyochukuliwa kama kielelezo, akainusa. Haikunuka. Na yeye hakuwa na mafua.

Mji mzima ulikuwa na chupa hiyo moja tu ya insulini. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeikata hata njia ya reli, treni ya Tabora haikuwa imefika tangu Januari, na akiba ya dawa ilikwisha. Chupa ilihifadhiwa dukani kwa Seleman, Shanwe, kwenye friji lake la mafuta ya taa, chini ya soda. Majirani wengi waliweka dawa zao humo, na kwa kuwa si wote wanajua kusoma, kila mmoja alifunga chupa yake kwa uzi wa rangi yake.

Seleman aliposikia hodi ya polisi, jasho lilimtoka kabla hajaulizwa.

"Friji lilizimika?" Lyamba aliuliza.

"Haliwezi kuzimika, afande. Soda zangu ni baridi, uliza wateja."

"Nani anafungua?"

"Mimi. Na mama wa marehemu akija namfungulia."

"Mwingine?"

Seleman alikunja kanga ya kuuza ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Ijumaa nilikwenda swala. Nilimwachia mtu duka."

"Nani?"

"Afande, ni mtu mwenye heshima zake."

Lyamba alitoa kalamu. Heshima ndiyo ilikuwa imemweka Specioza mahabusu, maana nesi hakuwa nayo ya kutosha.

"Daktari Abednego," Seleman akasema. "Vichupa vyake pia vimo humo."

Jumatano saa tatu asubuhi Lyamba alimkuta Abednego kwenye chumba cha maabara ya zamani ya mgodi, nje kidogo ya mji. Alikuwa msomi wa kemia aliyerudi kwao kufanya utafiti, mtu mpole, mwenye mikono misafi. Alifurahi kuulizwa kazi yake. Watafiti huwa hawaulizwi.

"Insulini ni peptidi, Sajenti. Mnyororo mdogo wa protini. Juu ya seli kuna vipokezi, na peptidi ikikaa juu ya kipokezi kama ufunguo kwenye kufuli, seli inafunguka na kuipokea sukari. Sasa, peptidi hiyo hiyo ikigusa chuma inaweza kung'ang'ania hapo. Sindano zetu ni za chuma, zinachemshwa na kutumika tena. Nataka kujua wagonjwa wetu wanapoteza dawa kiasi gani kabla haijafika kwenye damu."

"Kazi njema," alisema Lyamba, naye alimaanisha. "Unaipataje insulini wakati treni haipo?"

"Yangu iliisha Februari. Nimekaa bure nikisubiri."

Daftari lilikuwa wazi mezani. Abednego alikuwa mtu wa kuandika saa ya kila kitu, hata ya kuosha chupa. Lyamba aliisoma tarehe ya juu ya ukurasa: 6 Machi. Abednego aliufunika ukurasa kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi. Lyamba aliaga.

Saa kumi na moja jioni alirudi dukani kwa Seleman na hati ya upekuzi, daftari likiwa kwapani. Alikuwa amewaita wote. Specioza alikuja na pingu, Monika na kaniki ya msiba, Abednego na mikono yake misafi.

"Mayu," Lyamba alimwambia Monika, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "uzi wako unaufungaje?"

"Fundo la ndama. Unavuta ncha moja, linafunguka. Ndivyo tulivyofunga kwetu Maswa. Lakini Ijumaa jioni halikufunguka. Nililing'ata kwa meno. Nilijua ni nesi kalifunga hovyo."

Lyamba alifungua friji. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na vichupa sita vyenye uzi mweupe, vyote vya Abednego, vyote vimefungwa fundo gumu la mikunjo miwili. Alikata nyuzi, kichupa kimoja kimoja, na kunusa. Vitano havikunuka. Cha sita alimpelekea Specioza puani.

Nesi alifumba macho. "Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo yenyewe."

Dawa ya Nyanzala ilikuwa imekaa siku nne rafu moja chini ya chupa yake.

"Nilichukua, nikatumia nusu tu," Abednego alisema. Sauti yake ilikuwa bado ya darasani. "Niliisafisha, ndiyo maana haikunuka, nikaipitisha kwenye unga wa chuma, kisha alasiri nikarudisha kimiminika nilipoleta vichupa vyangu. Nusu nyingine niliiweka kwa jaribio la leo. Kwa hesabu zangu chuma kingechukua kidogo mno. Mtoto angebaki na dozi ya kumtosha mpaka treni ije. Nilikuwa na wiki moja kupeleka matokeo, Sajenti. Miaka mitatu ya kazi. Ni kwa ajili ya watu kama yeye."

"Hesabu zilikosea."

"Nilikosea."

"Uligundua lini?"

Lyamba alifungua daftari.

"Jumatatu, saa kumi jioni," alisoma. "'Vipokezi havikushika kitu. Chuma kimechukua karibu insulini yote.'" Aliinua macho. "Nyanzala alikufa saa kumi na mbili asubuhi. Ulikuwa na saa kumi na nne, Daktari. Na dawa ulikuwa nayo humu."

"Ningesema nini? Wangeniuliza nimejuaje."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alijibu kweli. Alipima aibu yake na uhai wa mtoto wa watu, na mizani yake ilikuwa nzuri, akaona kipi kizito kwake.

Lyamba alimfungua Specioza pingu na kumfunga Abednego pingu zilezile. Nesi hakushukuru. Alibaki akisugua vifundo vya mikono, macho kwa Monika, na Monika hakuweza kumtazama.

"Afande," Monika alisema, "mimi sijui kusoma. Humo ameandika habari za mwanangu?"

"Mayu, twende nyumbani."

"Nisomee."

Lyamba alitamani daftari lile lingekuwa limelowa mvua zote za mwaka ule. Lakini mama alikuwa amesimama akingoja, naye tayari alikuwa amedanganywa vya kutosha. Akageuza ukurasa wa mwisho.

"Jumanne, saa tatu asubuhi," alisoma. "'N. amefariki. Matokeo yamethibitika.'"