Vifaranga Wawili Walioondolewa kwenye Wastani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi yake. Alifungua banda la kuku, akabadilisha maji, akamwaga chakula kwenye vihori, kisha akaokota mayai huku akizungumza na kuku kama mtu anayesalimiana na majirani. Jina la Chiriku alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika.

Asubuhi hiyo alifungua mlango, akasimama palepale. Kuku watatu walikuwa wamelala kando ya ukuta, miguu imekakamaa. Wengine walijikunyata, mabawa yameshuka, na sakafuni kulikuwa na mharo wa kijani. Chakula cha jana kilikuwa bado kimejaa vihorini.

"Mama! Njoo!"

Mama alikuja mbio, mikono ina povu la sabuni. Aliwahesabu waliolala kwa macho. Jana yake alikuwa amezika wawili, na juzi mmoja. Banda hilo ndilo lililolipa kodi ya nyumba na ada ya shule. Familia haikuwa na banda jingine wala kazi nyingine.

Daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki kabla jua halijawa kali. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye buti za mpira, asiyependa maneno mengi. Alimshika kuku mmoja, akampapasa kifua, akatazama macho na mdomo.

"Chanjo ya kideri walipata?"

"Wote, Daktari. Wewe mwenyewe ulikuja."

"Maji mnayatoa wapi?"

"Bombani. Hayohayo tunayokunywa sisi."

"Na chakula? Mmebadilisha chochote?"

"Tumechanganya na majani ya bwawani," Mama alisema. "Lakini chakula hakina shaka. Huyu binti yangu amekifanyia utafiti shuleni. Wamepima vifaranga kwa mizani, wamepiga hesabu, na mwalimu wao amewasifu. Wanaupeleka kwenye maonyesho ya sayansi."

Daktari alimgeukia Chiriku. "Kifaranga hata mmoja hakuugua?"

Chiriku alitazama buti za Daktari. "Hakuna," alisema.

"Basi tukiweke chakula pembeni," Daktari alisema. "Dalili hizi ni za kideri. Pengine chanjo iliharibika kwa joto njiani. Kideri hakina dawa, mama. Watenge wagonjwa, choma waliokufa, na usiuze kuku wala yai mpaka nirudi."

Pikipiki ikaondoka. Mama akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa kanga.

Utafiti wenyewe ulikuwa umeanza vizuri. Chakula cha dukani kilikuwa kimepanda bei, na nyuma ya karakana za magari kulikuwa na bwawa lililofunikwa na majani madogo yanayoelea, kila jani kama punje ya dengu. Swali la klabu ya sayansi lilikuwa wazi: je, majani hayo yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya chakula cha kuku? Mwalimu wa sayansi aliwafundisha kuyakausha juani mpaka uzito wake uache kupungua, maana majani mabichi ni maji matupu, na anayepima maji asidhani amepima chakula. Aliwafundisha kuhakiki mizani kwa lita moja ya maji, ambayo lazima iwe kilo moja. Vifaranga waligawanywa makundi mawili, wanane wanane. Kundi moja lilikula chakula cha kawaida. La pili lilichanganyiwa majani kidogo. Mwisho wa jaribio, kila kundi lingetafutiwa wastani wa uzito.

Mwenzake Chiriku katika kazi hiyo alikuwa mvulana aliyekaa naye dawati moja, bingwa wa hesabu, ambaye darasa zima lilimwita Kikokotoo. Siku ya kupima, vifaranga sita wa kundi la pili walikuwa wanene kuliko wenzao wa kundi la kwanza. Wawili walikuwa wamebaki mifupa na manyoya, na hawakuweza kusimama kwenye sahani ya mizani.

"Hawa wanatuangusha," Kikokotoo alisema. "Tukiwaweka, kundi letu linashindwa. Tukiwatoa, tunashinda."

"Lakini wamekula chakula kilekile."

"Sasa kama ni wagonjwa? Mgonjwa anashindana mbio? Watoe, gawanya kwa sita. Hesabu itanyooka kama rula."

Mwalimu alipouliza kuhusu wale wawili, Chiriku ndiye aliyejibu. "Walikuja wakiwa wagonjwa, Mwalimu."

Mwalimu alikuwa na madarasa matatu siku hiyo na barua ya maonyesho mfukoni. Aliitikia kwa kichwa, akaukubali wastani. Wale wawili walikufa siku chache baadaye, na Kikokotoo akawafukia nyuma ya vyoo vya shule. Mama aliposikia matokeo, alianza kuvuna majani kwa magunia. Hakuchanganya kidogo kama shuleni. Alichanganya nusu kwa nusu, maana kizuri hakizidi, au ndivyo alivyoamini.

Sasa kuku waliendelea kufa. Kila kuku aliyeanguka alimkumbusha Chiriku wale wawili: mabawa yaleyale, mharo uleule. Alimfuata Kikokotoo wakati wa mapumziko.

"Ni majani. Lazima tuseme."

"Wewe una wazimu? Maonyesho ni wiki ijayo. Tukisema, tumekwisha, na Mwalimu amekwisha."

"Kuku wa mama wanakwisha kabla yenu."

"Daktari amesema kideri. Wewe ni daktari?"

"Daktari amesema kideri kwa sababu nilimdanganya."

Kikokotoo aligeuka kuangalia kama kuna anayesikia. "Basi usinitaje," alisema, akaondoka akiburuta miguu.

Chiriku alirudi nyumbani akiwa amejiahidi kusema. Alimkuta Mama akihesabu nafasi tupu kwenye viota, akaogopa. Alijiambia, labda kesho kifo kitaacha chenyewe. Kesho yake hakikuacha. Keshokutwa banda lilikuwa nusu tupu, na mwenye nyumba alikuwa amepita kuuliza, kwa upole usiomdanganya mtu, kama kodi ya mwezi itakuwepo. Mama aliacha kula. Alikuwa akiingia bandani, anatoka, anaingia tena, kama mtu aliyepoteza ufunguo na hakumbuki ni wa mlango gani.

Jioni hiyo mdogo wake Chiriku, kitinda mimba waliyemwita Bwana Mkubwa kwa jinsi alivyopenda kuamuru watu, alikuwa amejikunja mkekani.

"Tumbo linauma, dada."

"Hajala tangu asubuhi," Mama alisema. "Ngoja nimchemshie yai. Mayai haya si ya kuuza tena, angalau mtoto ashibe."

Yai lilikuwa tayari mkononi mwake, maji yanachemka. Chiriku alilitazama yai hilo, akamshika Mama mkono.

"Mama, usimpe! Si kideri. Ni majani ya bwawani. Vifaranga wawili waliugua shuleni, tukawatoa kwenye hesabu. Walikufa, Mama. Nilimwambia Daktari hakuna aliyeugua."

Mama hakupiga kelele. Aliliweka yai chini polepole, akazima jiko.

"Amekula mangapi tangu tuanze majani?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka jibu. "Kila siku moja. Kwa mkono wangu huu." Akamwinua Bwana Mkubwa, akamfunga mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa mno kwa mgongo. "Chukua gunia la majani. Tangulia kwa Daktari. Umweleze yote, bila kumung'unya maneno. Mimi naenda hospitali."

Daktari wa mifugo alimsikiliza Chiriku akiwa amesimama mlangoni kwake. Alipomaliza, aliuliza swali moja tu. "Bwawa liko wapi?"

"Nyuma ya karakana. Karibu na pale wanapovunja betri za magari."

Daktari alivuta pumzi ndefu. "Ndani ya betri kuna madini ya risasi. Maji ya mvua huyasomba mpaka bwawani, na majani huyafyonza madini hayo. Sumu hiyo humharisha kuku kijani na kumlegeza mabawa, kama kideri. Kama ningejua kuhusu vifaranga wale, ningeanza na chakula siku ile ile." Akavaa buti. "Mficha maradhi kifo humuumbua, binti. Ila hapa mmeficha ninyi, wakaumbuliwa kuku. Twende tukamwage chakula hicho, na tumchukue kuku mmoja aliyekufa tumpeleke maabara."

Majibu ya maabara yalithibitisha: risasi ilikuwa kwenye ini la kuku na kwenye majani. Hospitalini, damu ya Bwana Mkubwa ilikutwa na kiasi kidogo, na daktari akasema kwamba kwa kuwa mayai yamesimamishwa mapema, kingepungua, ila arudishwe kupimwa tena. Ama maumivu ya tumbo, yalitokana na mapera mabichi aliyoyala kwa siri juu ya ukuta wa jirani.

Kuku waliobaki walirudishiwa chakula cha kawaida. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeinua kichwa, na wengine wawili walikufa. Halafu asubuhi moja jogoo mwembamba alisogea kihorini, akadonoa mara moja, akadonoa tena. Chini ya nusu ya kuku wa Mama walikuwa wamepona. Mwenye nyumba alikubali kusubiri, lakini hakukubali kusahau. Mayai hayakuuzwa mpaka Daktari aliporuhusu, baada ya kuyapima tena. Halmashauri iliweka kibao bwawani cha kukataza uvunaji, na wavunja betri wakaamriwa kuhama.

Shuleni, Chiriku alisimama mbele ya klabu akaeleza alichofanya. Hakumtaja mwenzake. Alipokuwa anarudi kukaa, kiti kikaburuzwa nyuma.

"Mimi ndiye niliyesema tugawanye kwa sita," Kikokotoo alisema akitazama viatu vyake.

Mwalimu alivua miwani. "Nami nina sehemu yangu. Niliwauliza swali moja nikaridhika na jibu moja, kwa sababu lilikuwa jibu nililolitaka. Hatuendi kwenye maonyesho na wastani ule. Tutaanza upya, na safari hii tutayapima maji ya bwawa kabla ya kumlisha kifaranga hata mmoja."

Siku ya Jumamosi Mwalimu alikwenda mwenyewe kumwomba Mama radhi. Mama alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Chiriku akae karibu.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana, na sikudai huyu binti anieleze hesabu," alisema. "Nilichodai ni ukweli." Akamgeukia binti yake. "Ungeniambia majani yale yameua vifaranga wawili, ningenuna siku nzima kwa sababu nilitamani yafae. Kesho yake ningenunua pumba, maisha yakaendelea. Habari mbaya mtu huimeza kama dawa chungu. Wewe ulinipa habari tamu, nikawalisha kuku wangu, nikamlisha na mwanangu. Wale wawili waliokonda ndio walikuwa wanasema kweli bandani mwenu, nanyi mkawatoa nje. Siku nyingine ukipima, unipe kilichopimwa chote. Kinachoniudhi uniletee cha kwanza."

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Kuku hawajapewa maji."

Chiriku akainuka, akachukua ndoo.